Nchi ya Jumamosi, Ambako Wafu Waliulizwa Kwanza

Dada aliyelala mbele yetu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1969, saa moja asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba iliyopakana na karakana ya baiskeli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba fundi baiskeli na mama mshonaji wa sare za shule. Mkunga alisema mtoto huyu alitoka akiwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo, na waliomfahamu watakubali kwamba uso huo hakuukunjua sana baadaye. Ilipita miaka saba kabla mama hajapata mtoto mwingine, wa kiume, ambaye ndiye mdogo wake pekee na ndiye aliyepewa kazi ya kusoma wasifu huu. Kwa kuwa wasifu si mahali pa msomaji kujisifu wala kujililia, humu ataitwa mdogo wake tu, na atasemwa kama anavyosemwa mtu mwingine yeyote.

Alianza masomo mwaka 1976 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto. Gari la zimamoto likitoka, darasa zima lilikimbilia madirishani, mwalimu akiwa wa kwanza. Yeye alibaki kitini akiandika saa pembeni mwa daftari. Alipoulizwa anaandika nini, alijibu, "Siku moja watauliza." Hakuna aliyeuliza, lakini aliendelea kuandika mpaka darasa la mwisho.

Tarehe 3 Septemba 1982, wiki nne kabla ya mtihani wa kumaliza shule hiyo, mama alifariki kwa homa ya siku tano. Nyumba ilijaa wakubwa, na wakubwa hao, kwa huruma zao, walimwambia yule mtoto wa miaka sita kwamba mama amesafiri. Basi mtoto akawa anashinda mlangoni akisubiri. Siku ya nne dada yake alimshika mkono, akampeleka nyuma ya karakana, akamketisha juu ya tairi bovu. "Mama hajasafiri," alimwambia. "Amekufa. Maana yake harudi, hata ukikaa hapo mlangoni mpaka uote mizizi. Ukitaka kulia, lia sasa hivi, mimi nipo." Mdogo wake alilia mpaka akashikwa na kwikwi, na kesho yake alirudi kucheza na wenzake. Dada alifanya mtihani, akafaulu, akasoma sekondari ya kutwa huku akipika, akipiga pasi kaptula za mdogo wake na kutia sahihi ripoti zake za shule kwa mwandiko wa baba, maana baba alikuwa hai lakini hakuwa na habari na mtu. Baadaye alisomea ukarani kwa miaka miwili, akatoka na cheti cha daraja la kwanza.

Jumatatu tarehe 4 Februari 1991 aliajiriwa katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, ghorofa ya pili. Dirisha namba tatu lilikuwa la vizazi. Hapo watu walicheka na kubishania majina. Yeye alipewa dirisha namba nne, la vifo, na hakuhama hapo kwa miaka thelathini na miwili. Dirishani palikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi, muhuri, na kiti kimoja cha plastiki alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu ofisi haikuona haja ya anayeandikisha kifo kuketi. Alikuwa mkali. Aliwahi kumrudisha wakili mmoja mara tatu kwa ajili ya tarehe moja iliyofutwa na kuandikwa juu. Lakini mfiwa akishindwa kusema, aliiweka kalamu chini na kungoja. "Hakuna haraka," alikuwa akisema. "Mimi nipo hapa mpaka saa tisa na nusu." Wenzake walimwita Dada Rejista, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Mwaka 1994 alifika dirishani muuza viatu mmoja, jasho likimtiririka. "Dada, nimekuja kulalamika," alisema. "Nimeenda kukata leseni, wameniambia nimekufa." Dada alifungua kitabu, akamwona: ukurasa wa 212, mstari wa tisa. Mtu aliyefanana naye jina ndiye aliyezikwa, na karani fulani alikuwa amenakili namba ya kitambulisho vibaya. "Kwa mujibu wa kitabu, ni kweli umekufa," alimwambia. "Lakini si unaniona?" "Mimi nakuona. Kitabu ndicho hakikuoni." Ilichukua miezi kumi na moja kumrudisha duniani, kwa sababu kitabu cha vifo kina safu ya jina, ya umri, ya sababu na ya tarehe, ila hakina safu ya kurudi. Miezi yote hiyo muuza viatu hakuweza kufungua duka wala kuhama nyumba, na mkewe, aliyekuwa mcheshi kuliko yeye, alikuwa akimwambia, "Marehemu, hebu sogea huko nifagie." Makosa yaliposahihishwa, alileta jozi ya viatu vyeusi namba thelathini na nane. Dada alikataa zawadi, kama kanuni ilivyotaka, kisha akavinunua.

Vitabu vya dirisha namba nne vilifunguliwa mno, vikavunjika migongo, na mwaka 1995 akaletwa mfunga vitabu kuvitengeneza. Alikuwa kijana mpole, mwenye gundi kwenye kucha. Wakazoeana polepole, ukurasa kwa ukurasa. Ndiye aliyemletea kitabu cha kanuni za mchezo mmoja, ambacho mteja mmoja alikiacha kwenye karakana yake kifungwe na asikifuate tena. Dada alikisoma mara tatu na kukisahihisha kwa penseli. Kwa wasioujua mchezo huo, na wapo wengi hapa waliodhani miaka yote hii ilikuwa inachezwa kamari: ni mchezo wa mezani. Mtu mmoja anasimulia ulimwengu, wenye milima yake na wafalme wake na mazimwi wake. Wengine kila mmoja ana mhusika, aliyeandikwa kwenye karatasi moja: ana nguvu kiasi gani, ana akili kiasi gani, anaogopa nini. Msimulizi huuliza, "Unafanya nini?" na dadu huamua kama limewezekana.

Waliketi kwa mara ya kwanza Jumamosi tarehe 7 Septemba 1996, saa nane mchana, sebuleni kwa Dada, kwenye meza yenye mguu mmoja uliotiliwa kigae. Dada alikuwa msimulizi. Mfunga vitabu alicheza mvushaji wa mto. Rafiki wa Dada wa tangu sekondari, mwalimu wa hesabu ambaye yupo nasi hapa, alicheza ajuza mganga wa mitishamba. Mdogo wake, wakati huo kijana wa miaka ishirini anayejifunza ufundi wa lifti, alicheza askari aliyemwita Ngao. Ulimwengu wenyewe haukupewa jina, kwa hiyo wakauita Nchi ya Jumamosi. Dada na mfunga vitabu walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1997, na binti yao alizaliwa mwezi Aprili 1999. Jumamosi waliyofunga ndoa mchezo haukuchezwa, na Ngao alilalamika.

Kitabu cha kanuni kiliruhusu wafu kufufuliwa. Ilitakiwa lulu moja kubwa, na kuhani anayejua maneno. Katika miaka minne ya mwanzo Ngao alikufa mara kumi na moja. Alikufa kwa mshale, kwa sumu, kwa kuanguka kutoka darini, na mara moja kwa kubishana na simba. Kila mara lulu ilitolewa, akaamka akidai chakula, na meza nzima ikacheka mpaka mbavu zikauma. Dada alicheka pia. Lakini Jumatatu alirudi dirisha namba nne, akawatazama watu waliosimama mstarini na karatasi za hospitali mkononi, na jambo lile likawa halimkai. Akanunua daftari la kaunta, akaanza kuandika nchi ya namna hiyo ingekuwaje hasa.

Aliandika kwa miezi. Kama wafu wanarudi, basi mfalme hauawi akafa. Akamweka mfalme wa miaka tisini na minne, aliyeuawa mara tisa na kurudishwa mara tisa, na mwana wa mfalme wa miaka sabini, mwenye meno mawili, ambaye bado aliambiwa asubiri zamu yake. Wenye njama wakajifunza kuchoma maiti na kutawanya majivu, hivyo walinzi wa ikulu wakawa wanalinda maiti ya mfalme kuliko walivyomlinda yeye mwenyewe. Muuaji akifikishwa mahakamani alisema, "Mheshimiwa, mwenyewe si huyo hapo amekaa?" na aliyeuawa akaitikia kwa kichwa, na hakimu hakuwa na la kuandika ila usumbufu. Mjane aliyeolewa tena alibishiwa hodi na mume wa kwanza. Vijiji vya wazamiaji, ambao walikufa wengi wakizitafuta lulu, havikubaki na lulu hata moja ya kuwarudisha watu wao. Dada aliipa nchi hiyo hata ofisi ya usajili, na ndani yake kitabu chenye ile safu ya kurudi, na karani wake akarukwa na akili kabla mwaka haujaisha.

Kilichomuumiza kuliko vyote ni kilio. Katika Nchi ya Jumamosi watu waliacha kulia, kwa sababu hakuna aliyejua kama huu ni msiba au ni usumbufu wa siku tatu. Aliandika habari za mama wa askari maskini, aliyekaa na maiti ya mwanawe akimngoja mtu atakayekuja na lulu. Alingoja wiki, akangoja miezi, akaipaka maiti dawa isioze, na hakuanza kulia mpaka alipozeeka. Dada aliusoma ukurasa huo mezani, kisha akafunga daftari. "Hii nchi nimeiharibu mimi mwenyewe," alisema. Mwalimu akamwambia ni mchezo tu. "Najua ni mchezo. Yule mama simwezi."

Mwaka 2001 aliweka sheria. Hakuondoa ufufuo, maana alisema wakishaujua watu hawatausahau, bali aliamuru kwamba hakuna mfu atakayerudishwa bila kuulizwa. Na kwa kuwa mfu hawezi kuulizwa, kila mchezaji aliandika chini ya karatasi ya mhusika wake, akiwa bado hai na akili timamu: nikifa, nirudishwe, au nisirudishwe. Iandikwe kwa kalamu, si kwa penseli. "Aliyekufa hana mdomo," alisema, "na walio hai wana midomo mirefu mno." Anayemrudisha aliyekataa alihesabiwa mwizi, na adhabu yake ilizidi ya muuaji.

Sheria hiyo iliuma mara ya kwanza mwaka uliofuata. Ajuza wa Mwalimu alichomwa mkuki kwenye daraja, na Ngao, kwa bahati, alikuwa na lulu mfukoni. Karatasi ikageuzwa. Chini yake pameandikwa, nisirudishwe.

"Lakini lulu ninayo!" mdogo wake alisema. "Si hii hapa?"

"Lulu unayo," Dada alisema. "Ruhusa huna."

"Mwalimu, badilisha. Andika tena."

"Mwanangu," Mwalimu alimjibu kwa sauti ya ajuza wake, "nimetembea na wewe miaka sita, kila siku vita, kila siku damu. Miguu imeisha. Niache."

Mdogo wake alipiga meza, dadu zikaviringika mpaka chini ya kabati, naye akatoka bila kumaliza chai. Dada alimfuata mpaka getini. Alimuuliza, "Ulitaka kumrudisha yeye, au ulitaka kujirudishia wewe?" Mdogo wake akauliza kama si yote mamoja. "Siyo," alisema Dada, "na ukishindwa kuyatenganisha siku moja utamuumiza mtu." Kwa wiki tatu mdogo wake hakukanyaga pale, kisha akarudi na keki, na mambo yakaisha kama yalivyokuwa yakiisha siku zote.

Jumatatu tarehe 5 Mei 2008 mfunga vitabu aligongwa na lori la mchanga akivuka barabara mbele ya karakana yake. Siku iliyofuata mazishi, Dada alikwenda kazini. Wenzake walimtaka apumzike, na mmoja akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Alikataa, akamwandika mumewe mwenyewe, akatia muhuri, kisha akazunguka upande wa pili wa dirisha na kuketi kwenye kile kiti cha plastiki mpaka mchana. Hakuolewa tena. Mchezo ulisimama miezi mitano. Waliporudi mezani, mdogo wake alipendekeza mvushaji aendelee kuwepo, wao wamsemee kwa zamu, ili kiti kisiwe kitupu. Dada alisema, "Sauti yake haiazimwi," akaiweka ile karatasi kwenye faili la bluu, pamoja na za wahusika wengine waliokufa.

Februari 2021 alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi za ofisini. Madaktari waliona moyo wake umepanuka na unapiga kwa shida. Alimeza vidonge sita kwa siku, akaacha chumvi, na akahamishia mapumziko yake kwenye kituo cha ngazi cha ghorofa ya kwanza, ambako watu walimkuta amesimama akijifanya anasoma tangazo la zamani. Mdogo wake, ambaye miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kurudisha juu vitu vilivyokwama, alikwenda kumwomba meneja wa jengo aweke lifti. Aliambiwa jengo haliruhusu.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 2022, Mwalimu alipokwisha kuaga, Dada alimbakiza mdogo wake mezani. Akampa karatasi ya mhusika, aina ileile waliyoitumia kwa miaka ishirini na sita, imejazwa kwa kalamu. Mhusika: karani. Umri: hamsini na mitatu. Nguvu: nne kati ya ishirini. Akili: kumi na saba. Mdogo wake alicheka hapo, akamwambia amejipendelea. Moyo: tatu, na unashuka. Chini kabisa: nikifa, nisirudishwe. Ameweka sahihi na tarehe.

"Hii si ya mchezo," Dada alisema.

"Najua."

"Nataka useme."

"Si ya mchezo, dada."

"Moyo ukisimama, wasiniguse kifua, wasinitie mipira. Nimewaona ndugu za waliofanyiwa hivyo wakija dirishani, najua wanayoyasimulia. Binti sitaki kumtwisha, yuko mbali na ana mimba changa. Ipeleke kliniki, waitie kwenye faili langu. Na wakikuuliza?"

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba umekataa."

Dada akamshika shavu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na akaenda kuosha vikombe.

Mdogo wake hakuipeleka karatasi kliniki. Wiki ya kwanza alikuwa na kazi, ya pili akasema atapita, ya tatu akaiweka kwenye faili la bluu ili asiione. Mjukuu, wa kike, alizaliwa mwezi Mei, na Dada alisafiri saa saba kwa basi kwenda kumpakata.

Jumapili tarehe 11 Juni 2023 alilazwa, miguu ikiwa imevimba. Jumatano tarehe 14, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa kwenye benchi la nje ya wodi, moyo ulisimama. Alisikia viatu vya watu wakikimbia. Baada ya muda alitoka daktari kijana.

"Tumemgandamiza kifua dakika kumi na tisa," alisema. "Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Aliwahi kusema angetaka tufanye nini hali ikifika hapa?"

Mdogo wake alikuwa na jibu. Alilijua neno kwa neno. Alisema, "Hakuwahi kusema chochote. Mrudisheni."

Wakamrudisha. Alirudi akiwa na mbavu tatu zilizovunjika, figo zilizogoma, na mpira wa kupumulia kooni. Mtu aliyekuwa hapendi hata kushikwa bega aligeuzwa na kuoshwa na wageni mara nne kwa siku. Vidonda vilimtoka mgongoni. Siku ya kumi, Jumamosi tarehe 24 Juni, alifumbua macho, akamtambua mdogo wake, akamwashiria alete mkono. Akamwandikia kiganjani kwa kidole, herufi moja moja, kubwa, zile alizokuwa akiandikia majina ya watu kitabuni. Aliandika: HUKUSEMA. Hakuweka alama ya kuuliza. Mdogo wake akamjibu, "Nilisahau, dada." Dada alikuwa amewatazama watu dirishani miaka thelathini na miwili, akiwajua wanaokosea tarehe na wanaodanganya. Alimtazama hivyo, akautoa mkono wake, akauweka juu ya shuka. Kesho yake damu ilivuja kichwani na hakufumbua macho tena.

Baada ya kifo, karatasi ya nisirudishwe ilipojulikana, ndugu na majirani mmeambiwa kwamba mdogo wake aliichanganya. Kwamba aliiona ile karatasi, akadhani ni ya mchezo, kosa ambalo lingeweza kumpata yeyote kati ya watu waliozoea kucheza vile. Wengi mmemfariji kwa hilo, mkamshika mkono, mkamwambia asijilaumu. Hakuchanganya. Alijua. Na hilo si lote. Tarehe 19 Julai binti wa marehemu alilikuta faili la bluu, akaja nalo hospitali, akasimama nalo mbele yake kwenye korido.

"Mjomba, huu ni mwandiko wa mama," alisema. "Niambie ukweli. Hii ni ya mchezo?"

"Ni ya mchezo," alimwambia.

Binti alimwamini, kwa sababu ni mjomba wake. Kama angejibiwa kweli, mashine ingezimwa siku ile. Ilizimwa baada ya siku kumi na nne, Jumatano tarehe 2 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, moyo uliposimama wenyewe mara ya pili. Safari hiyo daktari alimuuliza binti. Binti alisema, "Msimguse." Hakujua kwamba hilo ndilo mama yake alilokuwa ameliandika.

Msiseme mdogo wake alifanya kwa mapenzi. Alifanya kwa woga. Alikuwa na miaka arobaini na saba, ana nywele nyeupe na mafundi wanne chini yake, na hajawahi kuishi siku moja katika dunia isiyo na dada yake. Ili asiionje siku hiyo, alimfanya dada yake azionje siku arobaini na tisa za namna nyingine. Zote kazihesabu. Alikuwa akija kila asubuhi, akikaa kando ya kitanda, akisikiliza mashine ikivuta na kutoa, na siku zote hizo hakulia, kwa sababu hakujua kama tayari ni msiba. Sasa anajua, na kilio hakiji.

Alhamisi alimpa binti huyo karatasi hizi za wasifu azisome kabla hazijaenda kwa mpiga chapa. Alizisoma akiwa amesimama jikoni, mtoto begani. Alipomaliza alirudi ukurasa wa mwanzo, akasoma tena. Mdogo wa marehemu akamwambia kwamba anaweza kufuta anachotaka, hata kumpa mtu mwingine asome. "Usifute hata neno," alisema binti. "Simama uyasome wewe." Tangu hapo hajasema naye, na ana haki hiyo kwa muda wowote atakaoutaka, hata kama ni wa maisha yake yote.

Marehemu ameacha binti mmoja, ambaye ni mkutubi. Mjukuu mmoja wa miezi mitatu. Rafiki mmoja, mwalimu wa hesabu, aliyekaa naye mezani miaka ishirini na sita. Wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya pili. Na mdogo wake mmoja. Mwili utakaposhushwa, inaombwa mtu yeyote asimwite kwa jina wala asimwambie aamke. Aliishaamshwa mara moja bila ridhaa yake. Aachwe apumzike.